Homa za riketsia: jibu likisema "hasi" katika wiki ya kwanza, usimwache mgonjwa bila dawa

MezaYaMaabara (mwanzisha uzi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Nimefungua uzi huu kwa sababu ya fomu moja ya maabara ambayo nimeipokea mara nyingi mno, kila mara kwa mwandiko tofauti lakini maelezo yakiwa yale yale: mgonjwa ana homa kwa siku tatu au nne, vimelea vya malaria havikuonekana, dawa ya homa ya matumbo imeanzwa bila nafuu yoyote, na sasa daktari anaomba kipimo cha kingamwili za riketsia ili kuondoa uwezekano wa ugonjwa huo. Napima, naandika kwamba kingamwili hazikuonekana, na jibu ambalo lenyewe ni la kweli linakwenda kutumika kufanya uamuzi usio wa kweli. Kingamwili hazikuonekana kwa sababu mwili ulikuwa bado haujazitengeneza. Ugonjwa ulikuwapo siku zote.

Ili tuelewane, ni lazima kwanza tujue bakteria hawa wanaishi wapi. Riketsia hawezi kujitegemea nje ya seli hai. Ukimpanda kwenye sahani ya kuoteshea bakteria, haoti. Ukipaka rangi ya Gram ambayo maabara zote huitumia, haipokei vizuri. Akishaingia mwilini kwa njia ya kupe, chawa, kiroboto au utitiri, hukimbilia seli zinazotandika ukuta wa ndani wa mishipa midogo ya damu, huzaliana humo na kuzijeruhi. Mishipa hiyo ikianza kuvuja, ndipo yanapotokea madoa kwenye ngozi, maji kwenye mapafu, uvimbe kwenye ubongo na figo kukosa damu ya kutosha. Hivyo basi, bakteria wengi wamejibanza ukutani, na wachache sana ndio wanaozunguka ndani ya damu tunayoichota mkononi. Ukilishika jambo hili moja, karibu matatizo yote ya upimaji nitakayoyaeleza yanakuwa na maana.

Naongeza jambo la jina, kwa sababu limeshaleta madhara. Tifasi si taifodi. Tifasi ni homa za riketsia na jamaa zao. Taifodi ni homa ya matumbo inayoletwa na Salmonella. Majina yanafanana kwa sababu zamani magonjwa hayo mawili yalidhaniwa kuwa ni mamoja, lakini dawa zake si zile zile. Mgonjwa wa tifasi anayedungwa sindano za seftriaksoni kwa wiki nzima ni mgonjwa ambaye bado hajaanza kutibiwa, maana dawa za jamii hiyo haziwagusi riketsia.

MezaYaMaabara

Naendelea. Sehemu hii nitaikalia zaidi, kwa sababu utambuzi wa ugonjwa huu huanzia kitandani kwa mgonjwa.

Kwa homa nyingi za kundi la madoadoa, na kwa tifasi ya vichakani inayoletwa na Orientia tsutsugamushi katika sehemu kubwa ya Asia na Pasifiki, mahali alipouma kupe au buu wa utitiri huota kigaga cheusi. Ni kidonda kidogo, mara nyingi chini ya sentimita moja au kuizidi kidogo, katikati kimekauka na kuwa cheusi kana kwamba ngozi imeunguzwa kwa ncha ya sigara, na pembeni kimezungukwa na pete ya wekundu. Hakiumi na hakiwashi, na hiyo ndiyo hatari yake, kwa kuwa mgonjwa hakitaji na mara nyingi hajui kama anacho. Aghalabu mitoki iliyo karibu nacho huvimba. Ukikuta mtoki umevimba kwenye kinena upande mmoja tu, teremsha macho mguu mzima wa upande huo, mpaka katikati ya vidole. Ukiukuta nyuma ya sikio, pekua nywele.

Nitawaeleza mgonjwa mmoja, kwa kuwa ndiye aliyenifundisha. Sampuli yake ya kwanza niliipima siku ya nne ya homa, nikaandika neno moja tu: hasi. Matabibu walilipokea neno hilo wakaenda kutafuta kwingine. Siku nne baadaye nilipanda wodini mwenyewe kuchota sampuli ya pili, nikamkuta muuguzi akimwosha mgonjwa kichwa. Akaniita. Kwenye ukingo wa nywele, juu kidogo ya kisogo, palikuwa na kigaga cheusi kisichozidi ukubwa wa punje ya hindi. Mgonjwa alisema alidhani amejikwaruza na kitana. Tukakichukulia sampuli pale pale, na siku ile ile akaanzishiwa doksisaiklini, antibiotiki inayotibu riketsia. Homa ilishuka kabla ya siku mbili kuisha. Sampuli ya kigaga ilionyesha vinasaba vya riketsia wazi kabisa, ilhali damu ya siku hiyo hiyo, kwa kipimo hicho hicho, haikuonyesha kitu. Zile siku nne za kusubiri nimezibeba mpaka leo, kwa sababu neno langu moja ndilo lililozileta.

Sehemu za kukagua ni zile ambazo nguo hubana na jasho hukaa: kinena, kwapa, chini ya matiti, kitovu, chini ya mkanda wa suruali, sehemu za siri, nyuma ya magoti, kichwani. Kwenye ngozi yenye unyevunyevu, kwa mfano kinena, kigaga huenda kisiwe cheusi kabisa. Utaona kidonda kisicho na kina chenye utando wa rangi ya manjano, na ni rahisi kukipita ukidhani ni mchubuko. Mvulie mgonjwa nguo kwa heshima na faragha, na mulika taa ya kutosha.

Hata hivyo, kukosekana kwa kigaga hakumwachii mtu huru. Tifasi ya viroboto vya panya, yaani ile ya Rickettsia typhi, kwa kawaida haina kigaga, na tifasi ya chawa vilevile haina. Homa ya madoadoa ya Milima ya Rocky, ambayo ndiyo kali kuliko nyingine katika kundi lake, huacha kigaga kwa nadra sana. Kwa upande mwingine, homa ya kuumwa na kupe inayoletwa na Rickettsia africae huweza kuacha vigaga viwili, vitatu au zaidi kwa mgonjwa mmoja, kwa sababu kupe wa jamii ya Amblyomma huvamia kwa wingi. Huo ni ugonjwa mwepesi zaidi, na vifo vyake si jambo la kawaida.

Madoa nayo yana ratiba yake. Katika homa ya Milima ya Rocky hujitokeza siku ya pili hadi ya nne baada ya homa kuanza, yakitangulia kwenye vifundo vya mikono na vya miguu, na yale ya nyayoni na kwenye matumbo ya viganja, ambayo vitabu huyasifia sana, mara nyingi huja ugonjwa ukiwa umeshakomaa. Mgonjwa mmoja kati ya kumi hivi hapati madoa kabisa. Kwenye ngozi nyeusi madoa ya mwanzo hayaonekani kirahisi, na hapa ndipo wengi wamecheleweshwa bila sababu. Ukisubiri homa, madoa na historia ya kuumwa na kupe vikutane vyote siku ya kwanza, utawakosa wagonjwa walio wengi.

Vipimo vya kawaida vinaweza kukusukuma kwenye njia sahihi. Chembe sahani (zile za kugandisha damu) hushuka, sodiamu hushuka, vimeng'enya vya ini hupanda kidogo, na idadi ya seli nyeupe huwa ya kawaida au imebadilika kidogo tu. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachothibitisha ugonjwa, lakini vikikutana kwa mtu mwenye homa kali na kichwa kinachomuuma kupita kiasi, aliyekuwa kwenye nyasi au karibu na mifugo, mbwa au panya ndani ya wiki mbili zilizopita, kwangu mimi hiyo ni sababu tosha ya kuanza dawa.

ZamuYaUsiku

Ndugu mwanzisha uzi, ahsante kwa somo. Kuna maabara ambayo bado hutuletea majibu ya Weil-Felix, kile kipimo cha zamani cha tifasi, yenye OX19, OX2 na OXK (aina za bakteria wa Proteus). Je, majibu hayo tuyape uzito kiasi gani?

MezaYaMaabara

Ndugu ZamuYaUsiku, uzito mdogo, na nitaeleza kwa nini. Mwaka 1916 Edmund Weil na Arthur Felix walimwotesha bakteria wa jamii ya Proteus kutoka kwenye mkojo wa mgonjwa wa tifasi, wakagundua kwamba majimaji ya damu ya wagonjwa wa tifasi humgandisha bakteria huyo ingawa siye anayesababisha ugonjwa. Ni mfanano tu wa antijeni, yaani sehemu za bakteria zinazotambuliwa na kingamwili. Kwa wakati ule, ambapo hapakuwa na njia nyingine, ulikuwa msaada mkubwa. Lakini kipimo kinachotegemea mfanano hukosa pande zote mbili: huwapita wagonjwa wengi wa kweli, na huweza kuitika kwa mtu mwenye maambukizi ya mkojo ya Proteus asiye na tifasi hata kidogo.

Mfano ulio wazi kuliko wote ulitokea Poland wakati wa Vita Kuu ya Pili ya Dunia. Daktari Stanisław Matulewicz aligundua kwamba mtu mwenye afya akichomwa sindano ya Proteus OX19 waliokufa, damu yake huitika Weil-Felix kana kwamba ana tifasi. Yeye na mwenzake Eugeniusz Łazowski waliwachoma watu wa eneo la Rozwadów, sampuli zikapelekwa kwenye maabara za Wajerumani, zikatoka chanya, na eneo likatangazwa kuwa na mlipuko wa tifasi, jambo lililowafanya Wajerumani waliepuke. Ilikuwa kazi ya kijasiri iliyowakinga watu. Kwetu sisi wa maabara, tukio hilo linaonyesha pia kwamba maabara nzima inaweza kupima kwa uaminifu, kwa mikono safi, na bado ikatangaza ugonjwa usiokuwapo. Kama Weil-Felix ndiyo pekee mliyo nayo, ichukueni kama dokezo tu, na msiiruhusu imzuie mgonjwa kupata dawa.

MwanafunziWaTatu

Shikamoo wakubwa. Naomba kueleweshwa kipimo cha kingamwili kinachotumia darubini ya mng'ao. Tumefundishwa kuwa ndicho kipimo rejea, lakini wewe unasema kilitoa jibu hasi kwa mgonjwa aliyekuwa anaumwa.

MezaYaMaabara

Marahaba. Swali lako ndilo kiini cha uzi huu, kwa hiyo nitalijibu kwa kirefu.

Kwenye kioo kuna visima vidogo, na ndani ya kila kisima wamekaushwa riketsia. Unadondosha majimaji ya damu ya mgonjwa yaliyozimuliwa, unasubiri, unaosha, kisha unaongeza kingamwili nyingine iliyotiwa rangi ing'aayo ambayo hujishika kwenye kingamwili za binadamu. Ukiingia chumba cha giza na kutazama, kisima cha mtu mwenye kingamwili huonyesha vijiti vidogo vidogo vya kijani kibichi kama nyota zilizomwagika, na kisima cha asiye nazo ni kiza kitupu. Unazimua tena: 1:64, 1:128, 1:256, na kuendelea, mpaka nyota zizimike. Kizimuo cha mwisho kinachong'aa ndicho kiwango unachokiripoti.

Sasa, kinachothibitisha ugonjwa ni kupanda kwa kiwango cha IgG (kingamwili zinazodumu) mara nne au zaidi kati ya sampuli mbili, ya kwanza ikichukuliwa katika wiki ya kwanza ya ugonjwa na ya pili wiki mbili hadi nne baadaye. Kutoka 1:64 kwenda 1:256 ni kupanda mara nne. Kutoka 1:64 kwenda 1:128 ni hatua moja tu ya uzimuaji, na hata mpimaji yule yule akirudia sampuli ile ile anaweza kupishana na nafsi yake kwa hatua moja.

Sampuli moja peke yake hudanganya kwa njia mbili. Ikiwa ya mapema, huwa hasi kwa mgonjwa wa kweli. Katika homa ya Rickettsia africae kingamwili huchelewa zaidi, mara nyingi kupita wiki ya tatu, na dawa iliyoanzwa mapema huweza kuzichelewesha au kuzipunguza. Ikiwa chanya, huenda inasimulia maambukizi ya zamani, maana IgG hukaa mwilini kwa miezi na hata miaka. Na usikimbilie IgM (kingamwili za mwanzo) ukidhani ndiyo mkombozi: huitika ovyo kwa magonjwa mengine, na mara nyingine hubaki kwa muda mrefu kuliko tulivyozoea kuamini.

Zaidi ya hayo, jamaa wa kundi moja hufanana. Kingamwili dhidi ya Rickettsia conorii zitang'aa pia kwenye kisima cha Rickettsia rickettsii au Rickettsia africae. Kwa hiyo jibu la uaminifu ni "kundi la homa za madoadoa" na si jina la spishi. Kundi la tifasi lina visima vyake, na Orientia yuko mbali nao kiasi kwamba asipowekewa kisima chake mwenyewe hataonekana.

Sasa pima mwenyewe ratiba hiyo kwa upande wa mgonjwa. Katika homa ya Milima ya Rocky, takribani nusu ya wanaofariki hufariki ndani ya siku 8 au 9 tangu dalili kuanza, na hatari huongezeka sana dawa ikianzwa baada ya siku ya tano. Uthibitisho wetu unapatikana wiki ya tatu au ya nne. Kipimo rejea ni rejea kwa ajili ya kuhakiki na kuhesabu wagonjwa. Uamuzi wa kutibu hauwezi kukisubiri.

ZamuYaUsiku

Na PCR, kipimo cha kutafuta vinasaba? Nayo haiwezi kuziba pengo hilo la wiki ya kwanza?

MezaYaMaabara

Inaziba sehemu, kutegemea unaipa nini. Kwa kuwa riketsia wa madoadoa wamejibanza kwenye kuta za mishipa, damu yenyewe mara nyingi ina wachache mno, isipokuwa mgonjwa akiwa amezidiwa. Kigaga ndicho hazina. Kama kimekauka, kinyanyue ukingo wake taratibu kwa kibano, chukua ufito wa pamba tasa uliolowanishwa kwa maji ya chumvi tasa, uzungushe kwa kukandamiza kwenye kitako cha kidonda mara kadhaa, kisha weka ufito huo na kile kigaga chenyewe kwenye chombo tasa. Mgonjwa hahisi maumivu ya kutajika. Kama hakuna kigaga lakini yapo madoa, kipande kidogo cha ngozi yenye doa hufaa kwa PCR na pia kwa kupakwa rangi ya kingamwili. Damu ichotwe kwenye kichupa chenye EDTA (kemikali ya kuzuia damu isigande), na ikiwezekana kabla ya dozi ya kwanza. Nasema ikiwezekana: kama mchotaji hayupo, dawa itangulie.

Kwa Ehrlichia na Anaplasma, jamaa wa riketsia wanaoenezwa na kupe, hali ni tofauti, na ni afadhali. Hao huishi ndani ya seli nyeupe zenyewe, hivyo PCR ya damu katika wiki ya kwanza ni nzuri, na mpimaji mvumilivu anaweza kuwaona kwenye tone la damu lililopakwa rangi, wakiwa vishada vya zambarau ndani ya seli, mfano wa tunda la forosadi. Hushusha seli nyeupe pamoja na chembe sahani. Usipoviona vishada, usiseme hakuna; huonekana kwa baadhi tu ya wagonjwa.

Kuwaotesha riketsia ni kazi ya maabara chache zenye ulinzi wa ngazi ya tatu, kwani wanahitaji seli hai na ni hatari kwa anayewashika. Mtafiti Howard Ricketts alifariki kwa tifasi mwaka 1910 akiichunguza huko Mexico, na mtafiti mwingine, Stanislaus von Prowazek, akafuata mwaka 1915. Majina yao ndiyo aliyopewa Rickettsia prowazekii.

MlezaWatoto

Mkuu, mimi nahudumia watoto. Nimefunzwa kutowapa doksisaiklini walio chini ya miaka minane kwa ajili ya meno. Nikishuku riketsia nifanyeje?

MezaYaMaabara

Mpe. Hofu ya meno ilirithiwa kutoka kwa tetrasaiklini za zamani. Watoto waliopewa doksisaiklini kwa siku chache kama riketsia inavyohitaji wamechunguzwa meno yao, na madoa hayo hayakuonekana. Mwongozo wa Marekani unaipendekeza kwa umri wowote pale homa ya madoadoa inaposhukiwa: kwa mtoto aliye chini ya kilo 45 ni miligramu 2.2 kwa kila kilo, mara mbili kwa siku. Kwa mtu mzima miligramu 100 mara mbili kwa siku. Homa isiposhuka ndani ya saa 48 kwa mgonjwa aliyewahi dawa, rudi kwenye faili na ufikirie upya, kwa sababu kuitika kwa dawa nako ni aina ya ushahidi. Kwa mjamzito mwenye tifasi ya vichakani, azithromaisini ni njia inayokubalika.

Mfugaji_Msomaji

Samahani kwa kuingilia, mimi si mtabibu. Nikijitoa kupe, nimpeleke maabara akapimwe ili nijue kama nitaugua? Na homa ya Q ninayoisikia kwa wafugaji ni jamaa wa hawa?

MezaYaMaabara

Karibu sana, hujaingilia. Kupe kukutwa na bakteria hakuna maana kwamba amekuambukiza, na kupe huyo kukutwa safi hakuna maana kwamba hukuumwa na mwingine ambaye hukumwona. Mng'oe kwa kibano karibu na ngozi bila kumpasua, andika tarehe, na ukipata homa ndani ya wiki mbili nenda hospitali na utaje kupe kabla hujaulizwa.

Homa ya Q inaletwa na Coxiella burnetii, ambaye zamani aliwekwa pamoja na riketsia na sasa ametolewa kwenye ukoo huo. Kwa kawaida huvutwa kwa hewa kutoka kwenye kondo, maji ya uzazi na vumbi la mbuzi, kondoo na ng'ombe, kwa hiyo swali la kumwuliza mgonjwa ni kama amemzalisha mnyama wiki mbili au tatu zilizopita. Kingamwili zake zina awamu mbili, na mpangilio wake unachanganya: katika ugonjwa mpya za awamu ya pili ndizo hutangulia na kuwa nyingi. Zile za awamu ya kwanza zikizipita na kubaki juu kwa miezi, 1:1024 au zaidi, tafuta maambukizi yaliyojichimbia, hasa kwenye vali za moyo. Mgonjwa wa vali ambaye damu yake haioteshi kitu anastahili kipimo hicho.

ZamuYaUsiku

Ombi la mwisho. Ulisema neno "hasi" peke yake lilimchelewesha mgonjwa wako. Siku hizi unaandika nini?

MezaYaMaabara

Naandika hivi, na yeyote anaruhusiwa kuyachukua: "Kingamwili hazikuonekana katika sampuli ya siku ya nne ya homa. Jibu hili haliondoi uwezekano wa ugonjwa wa riketsia. Kama dalili zinaelekea huko, matibabu yasisubiri. Tafadhali leta sampuli ya pili baada ya wiki mbili hadi nne; kama kuna kigaga, leta sampuli yake leo."

Ili niweze kuandika "siku ya nne", nahitaji kuijua. Nafasi ya tarehe homa ilipoanza ipo kwenye fomu yetu, juu kulia, na fomu nyingi zinanifikia ikiwa tupu. Nawaombeni muijaze.